Kuvuta kurasa zilizokwama ukurasa wa pili wa Google

Tovuti ninayoitunza inahusu kilimo na soko la mazao, kwa Kiswahili, na wasomaji wake wengi wako Uganda: Kampala, Masaka, Mbale, na mipakani Busia na Mutukula. Kilichoongeza watu kutoka Google si makala mpya. Ni kurasa za zamani zilizokuwa zimekaa nafasi ya nane hadi ya ishirini, zikarekebishwa mmoja baada ya mwingine.

Kurasa hizo naziona kwenye Search Console, zana ya Google ya kuonyesha tovuti yako inavyotokea kwenye matokeo, ambayo ni bure. Nafungua ripoti ya utendaji, nachagua miezi mitatu, nachuja nchi iwe Uganda, kisha nawasha nafasi ya wastani. Ninachotafuta ni maneno yenye maonyesho mengi (mara ukurasa ulipotokea kwenye matokeo) na mibofyo michache. Nikibofya neno, naangalia ni ukurasa gani unaotokea. Zikitokea kurasa mbili zinazojibu jambo lile lile, zinanyang'anyana. Hapo nabakiza ule wenye viungo vingi (linki zinazouelekea), nahamishia humo aya nzuri za mwenzake, na anwani ya zamani naielekeza kwa 301, yaani anayeifungua anahamishiwa moja kwa moja kwenye ukurasa uliobaki. Kuifuta tu ni kutupa viungo ilivyokwisha kupata.

Ukurasa usioonekana kabisa una tatizo lingine. Kwenye WordPress, programu ya kujengea tovuti, kuna kisanduku katika mipangilio ya usomaji kinachoziomba injini za utafutaji zisiiingize tovuti. Mafundi hukiwasha wakati wa kujenga na kusahau kukizima. Pia faili ya robots.txt, inayoziambia injini za utafutaji zisisome wapi, huzuia Google kusoma ukurasa, haiuondoi kwenye matokeo. Kinachoondoa ni noindex, agizo ndani ya ukurasa wenyewe la kutouweka kwenye matokeo, na Google hailioni kama umeizuia kusoma.

Sehemu inayolipa zaidi ni kichwa na aya ya kwanza. Mkulima haandiki "mwongozo kamili wa kilimo cha kisasa cha kahawa". Anaandika "robusta miche mingapi ekari moja" au "bei ya kiboko leo" (kiboko ni kahawa iliyokaushwa kabla ya kukobolewa), na mara nyingi anachanganya Kiswahili na Kiingereza. Basi kichwa kinakuwa "Robusta: miche mingapi kwa ekari, na umbali wa kupanda", na aya ya kwanza inajibu papo hapo: mita 3 kwa 3, miche kama 450, shimo la sentimita 60 kila upande. Maelezo ya mbolea na kivuli yaje baadaye. Kichwa kikizidi herufi 60 hivi, mara nyingi hukatwa, kwa hiyo neno la mtafutaji likae mwanzoni. Ile orodha ya maneno muhimu inayofichwa kwenye msimbo achana nayo. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo.

Anwani isiwe na mwaka. /mbegu-za-mahindi inadumu, /mbegu-za-mahindi-2023 inazeeka Januari. Ukurasa wa bei nao uwe mmoja, usasishwe pale pale. Kubadilisha tarehe huku bei ni zile zile hakumdanganyi mtu, Google wala mchuuzi. Kusini mwa nchi mvua huanza Machi na tena Septemba, hivyo kurasa za mbegu nazishughulikia wiki kadhaa kabla, kwa sababu Google huchukua muda kurudi kuzisoma.

Kasi ni suala la bando kabla ya kuwa suala la Google. Tangu Julai 2021 data ya intaneti Uganda ina ushuru wa asilimia 12, na picha ya shamba iliyotoka kwenye simu ina megabaiti nne au tano. Naipunguza hadi upana wa pikseli 1200, naihifadhi kwa WebP, muundo wa picha nyepesi, na nalenga isizidi kilobaiti 100. Picha kubwa ya juu usiiwekee upakiaji wa kuchelewa (lazy loading), unaosubiri msomaji aifikie picha. Programu nyingi huweka hivyo kwa picha zote, na ndiyo maana kipimo cha LCP, yaani muda wa kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kuonekana, hupita sekunde 2.5 zinazotakiwa. Andika upana na urefu wa kila picha, na tenga nafasi ya matangazo, la sivyo maandishi yataruka wakati mtu anasoma.

Kisha viungo vya ndani: vitatu hadi vitano kutoka kurasa zinazohusiana, vyenye maneno yanayoeleza kilichopo. "Bofya hapa" haimwambii Google chochote.

Nikimaliza, naomba ukurasa usomwe upya kupitia ukaguzi wa anwani ndani ya Search Console, mara moja tu. Kuomba mara kumi hakuharakishi. Halafu naacha wiki kadhaa zipite bila kugusa kitu. Kulinganisha mwezi huu na uliopita kunapotosha, maana Machi utafutaji wa mbegu hupanda wenyewe. Nalinganisha na kipindi kile kile cha mwaka jana, na Search Console huhifadhi miezi 16. Maonyesho yakipanda na mibofyo ikabaki, tatizo ni kichwa. Nafasi isiposogea, nalitafuta neno lenyewe kwenye simu: kama juu zimejaa video na kurasa za wizara, naliacha na kuchukua swali jembamba zaidi, kama vile umbali wa kupanda kwenye mteremko.