Nilivyoenda Gates of the Arctic, hifadhi isiyo na barabara hata moja

Kwanza muelewe hii hifadhi ikoje, maana ukisema hifadhi mtu wa kwetu anawaza geti, risiti, landkruza na lodge yenye bafe. Gates of the Arctic iko kaskazini mwa Alaska, yote iko juu ya mstari wa Aktiki, ule ambao ukiupita kiangazi kuna siku jua halizami, haina barabara, haina njia iliyochongwa, haina choo wala kibao cha kukuonyesha uelekee wapi. Ukijumlisha na eneo la akiba ni zaidi ya kilomita za mraba 34,000, yaani Serengeti mbili na chenji inabaki, na wageni wa mwaka mzima wanacheza kwenye elfu kumi hivi. Kiingilio bure, kibali hakuna. Hela yako yote inaliwa na ndege.

Mimi nakaa karibu na Seattle, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, sio tajiri, na nilienda na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, wote watu wa Tanga. Tulipanda ndege ya kawaida mpaka Fairbanks, pale tukachukua kindege cha abiria mpaka Bettles, kijiji kidogo sana ambacho nacho hakina barabara isipokuwa kipindi cha baridi wanapotengeneza ya barafu, alafu Bettles ndio unakodi ndege ya kutua majini ikakumwage ziwani huko ndani. Sasa hapo kwenye kukodi ndio pa kutumia akili, kwasababu bei wanahesabu ndege sio kichwa, mkiwa wawili mnalipia na viti vitupu. Sisi tulipiga simu mapema tukauliza kama kuna watu wanaelekea bonde la mto Alatna wiki hiyohiyo, tukaunganishwa na wenzetu wawili tukachangia. Mnapimwa uzito nyie pamoja na mabegi, kwahiyo usibebe jinzi tatu.

Kitu kingine, gesi ya jiko na spreyi ya dubu, ile ya pilipili ya kumfukuzia akikujia, haviruhusiwi kwenye ndege kubwa za abiria, usihangaike kununua huku, utanyang'anywa. Tulinunua Bettles. Na palepale kuna ofisi ya hifadhi, wanakupa somo la usalama na wanakuazima bure makopo magumu ya kuhifadhia chakula ambayo dubu hawezi kuyafungua. Kila kinachonukia lazima kiingie humo, mpaka dawa ya meno. Mhifadhi, mama mmoja mpole, akamuuliza shemeji kile kifuko ni nini, shemeji akakifungua kwa fahari, dagaa wa Mwanza waliokaangwa na pilipili. Yule mama akanusa, akanyamaza kidogo, akasema kwa heshima kabisa kwamba hao ni bora wabaki Bettles. Shemeji alinuna mpaka ndege inapaa. Tuliingia na unga wa sembe, karanga na tende, na tende nawaambia ndio chakula cha safari kama hizi, hazichukui nafasi, hazihitaji moto, na nguvu unaiona.

Rubani akatushusha Circle Lake, chini ya milima ya Arrigetch, ile yenye minara ya mawe imechongoka kama meno ya papa. Akaondoka. Ule mlio wa ndege ukipotea ndio unajua sasa hakuna wa kumuuliza kitu.

Nilidhani shida itakuwa milima, kumbe shida ni tambarare. Chini ya udongo wa juu kule ardhi imeganda mwaka mzima haiyeyuki, kwahiyo maji ya theluji na mvua hayana pa kuzama, yanabaki juu, nchi nzima ni tope lenye vichuguu vya nyasi vinavyofika magotini, ukikanyaga juu yake kinayumba, ukikanyaga katikati unazama mpaka kwenye kifundo. Kilomita moja ilikuwa inakula lisaa na zaidi. Mtu akikwambia anatembea kilomita ishirini kwa siku kule muulize vizuri. Sisi tulipanga kidogo, tena ule upungufu ndio uliotuokoa.

Na maji hayohayo yaliyotuama ndio yanazalisha mbu. Mwisho wa Juni kuelekea Julai ndio msimu wao, na mi nimekulia Tanga, mbu nawajua, ila hawa ni wingu, ukifungua mdomo unameza. Afadhali hawana malaria. Bila neti ya kichwa usiende, nasema tena usiende.

Kwenye vichaka vya kando ya kijito unatakiwa upige kelele ili dubu akusikie mapema asishtuke, wenzetu wale walikuwa wanamwita dubu kwa jina lake, sisi tukawa tunapiga hodi. "Hodi hodi! Wenyewe mpo?" Shemeji anaitikia mwenyewe, "karibu, pita ndani." Dubu hatukumuona, tuliona unyayo wake tu kwenye mchanga, mpana, alama za kucha zimekaa mbali na vidole, bado mbichi maji yanachuruzika ndani yake. Tulipiga hodi kwa sauti zaidi.

Kuvuka maji tulifuata tulichofundishwa: subiri asubuhi, maana mchana theluji ya juu inayeyuka kijito kinajaa, tafuta sehemu pana iliyogawanyika sio nyembamba, fungua mkanda wa begi kiunoni ili ukianguka uliache, viatu usivue. Tulishikana mabegani tukaenda hatua kwa hatua, na maji yenyewe ni ya baridi kiasi kwamba maumivu yanapanda mpaka kwenye meno.

Mliouliza tuliswali vipi, jua halizami kabisa kipindi hicho, saa sita usiku liko palepale kwenye milima linazunguka, kwahiyo wakati wa swala ya Magharibi wa kuuona hakuna. Tulifuata ratiba ya Makka kwenye simu tukatulia. Kibla ndio kilituletea mjadala, shemeji akasema, "hii programu imechanganyikiwa, inanielekeza kaskazini kama nipo Tanga." Haijachanganyikiwa, njia fupi kutoka kule kwenda Makka inapita karibu na ncha ya dunia, kwahiyo kibla ni kaskazini na magharibi kidogo. Kutawadha vidole vinakufa ganzi, na ukisujudu neti inakugusa paji la uso, mbu wanakung'ata palepale ilipogusa. Utavumilia tu.

Siku ya kutolewa, mawingu yalishuka mpaka ziwani, na rubani wa kule haji kama haoni. Hapo ndio maana ya kubeba chakula cha ziada na kile kifaa cha ujumbe wa setilaiti, simu ya kawaida ni tochi tu kule. Tukamwandikia, akajibu mtulie. Tukatulia, tukalala, tukahesabu tende zilizobaki, shemeji akaanza kuwataja dagaa wake kama ndugu aliyesafiri. Kulipofunguka alikuja.

Wanaotaka kwenda bila kukodi ndege, kuna barabara ya Dalton inayoanzia kaskazini mwa Fairbanks, ile iliyojengwa 1974 kwa ajili ya bomba la mafuta, inapita nje ya hifadhi upande wa mashariki. Unafika Coldfoot, kuna kituo cha wageni, unapata somo na makopo, alafu unaingia kwa miguu kuelekea magharibi. Ila makampuni mengi ya kukodisha magari hayataki gari lao lipite ile changarawe, uliza kabla hujalipa. Na kama mbu huwawezi nenda mwishoni mwa Agosti, wanakuwa wamepungua, ila usiku unakuwa umerudi na baridi nayo, beba begi la kulalia zito.