Daftari la Jirani Lilivyoifunga Baa Yangu, Likaifungua

Baa yangu iko Mwanga, Kigoma, uchochoro wa pili kutoka lami. Leseni yake ilisitishwa Novemba 2024, na kosa lilikuwa langu. Aprili iliyofuata nikapewa nyingine. Naandika kwa sababu wenye baa wenzangu bado wananipigia simu: "Ulimwona nani?" Sikumwona mtu.

Yote yalianzia ziwani. Mwaka ule Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Huku kwetu dagaa wakikosekana bia nayo haitoki. Mvuvi, bodaboda na mama anayeanika dagaa Kibirizi wote wanakula mfuko mmoja. Nilibaki na kreti zimejaa na deni juu. Ziwa lilipofunguliwa nikataka kufidia harakaharaka, nikaleta madada wanne wa shoo. Wanaanza na kanga, baadaye kanga nayo inaondoka. Niliwapanga siku za mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwaka wavuvi wa taa hawaingii majini, wapo nchi kavu na hela zao. Walijaa mpaka nje. Saa 8 usiku spika bado zinadunda.

Barua ya kusitisha leseni ilipokuja nikadhani ni maadili tu. Nikaenda kwa afisa biashara na hoja zangu: mbona harusini wanacheza vilevile, mbona fulani haguswi? Akaniacha nimalize, kisha akaisukuma barua mbele yangu. "Mama, soma kwanza." Madada walikuwa mstari mmoja, tena wa mwisho. Kwingine kote ni saa. Tarehe hii muziki hadi 7:40, tarehe ile hadi 8:15. Leseni niliyoitundika mwenyewe inasema siku za kazi mwisho saa 5 usiku. Nilikuwa naipangusa vumbi bila kuisoma. Kibali cha ukumbi wa burudani cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ndiyo kabisa, sikuwahi kukiomba.

Aliyeandika saa zile ni mzee jirani, mstaafu wa reli. Nilitaka kumpelekea samaki, migebuka, mtendaji wa kata akanikataza: utaonekana unanunua. Nikaenda mikono mitupu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Kisha kimya.

Akaingia ndani, akatoka na daftari la shule, peni imefungwa kwa uzi. Amepiga mistari kwa rula: tarehe, kuanza, kuzima, maelezo. Kwenye maelezo ya usiku mmoja ameandika kuhusu mkewe: "Mama hakulala. Presha imepanda." Hoja zangu zote za harusi ziliishia hapo.

Nikaomba radhi, halafu nikamwomba aendelee kuandika. Akashangaa. "Si umefungiwa? Niandike nini?" Nikamwambia nauza supu na soda na watu wanakuja kuangalia mpira, aandike hizo kelele.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya kawaida. Sikupigania miezi iliyobaki. Leseni za vileo ni za nusu mwaka, Oktoba hadi Machi, kisha Aprili hadi Septemba, na kuhangaika katikati ni kuchoma nauli. Nililenga Aprili. Nikauza sabufa, spika mbili zilizobaki nikazigeuzia ukuta wa nyuma. Fomu ya kuomba leseni ikapita kwa afisa afya, ambaye alinisumbua kuhusu choo kuliko jambo lolote, ikapita polisi, ikafika Kamati ya Maendeleo ya Kata.

Huko mjumbe mmoja alisimama akaongea dakika kumi kuhusu wanawake uchi. Hakuna aliyeuliza wale madada waliishia wapi. Wawili wako kwangu, mmoja jikoni, mmoja kaunta. Wawili walirudi kwao na nauli niliyowapa. Mzee akaomba nafasi. Hakuhutubia. Alifunua daftari akasoma: Desemba, kimya saa 3:50. Januari, kimya saa 4:10, siku ya mpira. Akasoma hivyo mpaka Machi, wajumbe wakaanza kupiga miayo. Kata ikapendekeza nipewe.

Aprili nikaitundika leseni mpya, safari hii usawa wa macho yangu pale kaunta.

Mwezi Mei nilipita kumjulia hali mama. Daftari lilikuwa dirishani, limefunuliwa: "Jumanne, 5:04."

"Baba, hata dakika nne?"

"Mimi nilikuwa reli," akasema, akanisogezea kigoda.