Ripoti sitini na nane na kidaftari kimoja

Januari 2023, siku ya tatu tangu tufungue shule, mzee mmoja alinikuta chini ya mwembe ulio mbele ya ofisi ya walimu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akatoa mfukoni mwa shati karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ripoti ya binti yake. Binti alikuwa wa kwanza darasani, wastani wa 81, na kwenye nafasi ya maoni ya mwalimu wa darasa palikuwa na mwandiko wangu: "Ongeza bidii, hujachelewa."

"Mwalimu," akasema taratibu, "huyu aongeze wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Ripoti zile niliziandika usiku mmoja kwa tochi ya simu, umeme umekatika, na nilipovuka ya arobaini sikuwa naangalia tena jina wala alama. Nilikuwa na sentensi tatu tu ninazozizungusha: ongeza bidii, umejitahidi, usibweteke. Kila moja ikaangukia ilipoangukia.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kata, mkoani Morogoro, na mwaka ule nikapewa tena Kidato cha Kwanza B. Wanafunzi 68, masomo tisa: alama 612 za kukusanya kwa walimu wenzangu, kuingiza kwenye kompyuta, kupanga na kuchapa. Ongeza vitabu vya kiada, viti na meza, rejista ya mahudhurio. Na Novemba yenyewe haikuwa yangu. Kidato cha Pili wana upimaji wa taifa, Kidato cha Nne wana mtihani wa mwisho, na sisi walimu tunapelekwa kusimamia shule nyingine. Ukirudi, umebakiwa na siku chache za kuwapa madarasa mengine mtihani wa mwisho wa mwaka, kusahihisha na kufunga. Anayesubiri hizo siku ndipo aanze, ataandika kama nilivyoandika mimi.

Kwa hiyo Agosti nilinunua kidaftari cha kurasa 80, kile cha mfukoni. Kila mwanafunzi nikampa ukurasa. Sikujiwekea ratiba, maana najijua. Nilichojiambia ni kwamba kila nikitoka darasani niwe nimeona jambo moja kwa mtoto mmoja, nilifunge kwa mstari mmoja. "Anasoma kwa sauti vizuri kuliko wote, lakini hanyooshi mkono." "Ubaoni haoni, anakopi kwa jirani." "Leo kamtetea mwenzake aliyechekwa kwa lafudhi." Wiki nyingine sikuandika hata neno. Mwishoni mwa Oktoba nikapekua, nikakuta kurasa kumi na nne tupu, na karibu zote ni za watoto wa katikati: wale wa wastani wa 40 hadi 50, hawasumbui, hawang'ari. Ningeapa nawafahamu. Zile kurasa ndizo nilizozifanyia kazi wiki iliyofuata. Nikawa nawaita wafute ubao, wanibebee madaftari, ilimradi tu tuzungumze.

Vitabu navyo vilikuwa vimenifundisha adabu. Mwaka wa kwanza nilitangaza siku moja ya kurudisha, siku ya kufunga, na upungufu ukawa 31. Watoto walikuwa wameshaondoka kimawazo, wengine hata kimwili, maana mvua za vuli zikianza mashamba yanawaita. Shule nyingine huzuia ripoti mpaka kitabu kirudi. Sipendi njia hiyo, kwani aliyepoteza kitabu ndiye huyohuyo ambaye mzazi wake anahitaji zaidi kuiona ripoti.

Kiranja wa darasa ndiye aliyenipa akili, bila kujua. Alinilalamikia kwamba asubuhi ya mtihani wenzake wanagombania vitabu hadi mlangoni. Kwetu kitabu kimoja kinatumiwa na watatu. Nikasema, basi siku hiyo kitabu kipo shuleni, tena kipo mkononi. Nikaweka meza mlangoni. Asubuhi ya Historia, kila kundi la watatu linapoingia linaacha kitabu cha Historia mezani, kiranja anasoma namba iliyoandikwa ndani ya jalada, mimi natia tiki kwenye orodha. Kesho yake Baiolojia. Hakuna aliyeweza kusema amekisahau nyumbani, alikuwa nacho dakika moja iliyopita. Mwisho wa mitihani upungufu ulikuwa vitabu vitano, na viwili kati ya hivyo tuliviokota Kidato cha Pili, kwa kaka zao.

Alama zilikuwa na kisa chake. Mwalimu wa taaluma anataka kila kitu kwenye jedwali la kompyuta, nami sina ugomvi na hilo, jedwali linajumlisha vizuri kuliko mimi. Tatizo ni kidole. Nikamwomba mwalimu wa Jiografia tukae wawili: yeye ashike orodha ya karatasi, asome kwa sauti, mimi niangalie kioo. Tulianza saa kumi jioni, na chupa ya chai, na karanga. Tukakamata makosa kumi na moja. Moja lilikuwa 37 niliyoiingiza 73, yaani D ikageuka B, na mtoto angeipeleka nyumbani kwa furaha halafu Januari tumnyang'anye. Jingine lilikuwa la mtoto aliyeugua siku ya Kemia: nilimwekea sifuri badala ya kuandika hakufanya, na wastani wake ukaporomoka kwa mtihani ambao hakuuona. Palizuka pia ubishi wa kawaida wa Desemba, kama 44 ipandishwe iwe 45 ili mtoto apate C. Mwenzangu ana huruma. Mimi nilikataa, nikasema huruma tuiandike kwenye maoni, alama ibaki alama. Mpaka leo hatujakubaliana.

Kisha maoni. Nilikaa na kidaftari kushoto, ripoti kulia, jioni tatu, ripoti ishirini na kitu kila jioni. Nafasi yenyewe ni mistari miwili, haikuruhusu hotuba. Binti mmoja alikuwa na wastani mzuri tu isipokuwa Hisabati, alama 19. Ukurasa wake ulikuwa na maneno yaleyale yaliyorudiwa tangu Agosti: "Jumatatu kachelewa." "Jumatatu kachelewa tena." Mwalimu wa zamu alikuwa akimpa adhabu ya kufyeka nyasi, naye anafyeka, hasemi kitu. Nikafungua ratiba ya vipindi. Jumatatu, kipindi cha kwanza na cha pili, Hisabati. Nikaandika: "Jumatatu anachelewa, na Jumatatu asubuhi ni Hisabati. Mama, naomba tuonane."

Mama alikuja siku ya kufunga, na khanga yake imelowa mabegani kwa mvua. Jumatatu ni siku ya gulio kijijini kwao. Binti alikuwa akiamka alfajiri kumsaidia kubeba matenga ya nyanya hadi barabarani, halafu ndipo akimbie shule.

"Kumbe ni Hisabati?" akaniuliza. "Mimi najua Jumatatu mnaanza na usafi."

Tukacheka wote wawili, ingawa yeye aliacha kwanza. Akasema atazungumza na kijana wake mkubwa aliye na baiskeli. Sikumwongezea neno, nikampa chai iliyobaki.

Si kila ripoti ilizaa kitu kama hicho. Nyingi, nadhani, zilikunjwa zikawekwa juu ya kabati. Na kuna tatu ambazo hata na kidaftari nilijikuta naandika "umejitahidi", kwa sababu usiku ulikuwa umekwenda na nilichokiandika kwenye kurasa zao hakikufaa kusomwa na baba wa nyumba. Yule mzee wa Januari hakurudi. Binti yake alikuwa tayari Kidato cha Pili kwa mwalimu mwingine.

Siku ya mwisho nilikabidhi darasa. Rejista, orodha ya vitabu, hesabu ya viti na meza, kwamba viti tisa vinahitaji fundi na viwili havihitaji fundi bali kuni. Mwenzangu anayepokea Kidato cha Pili B akaona kidaftari kikinichungulia mfukoni.

"Madam, na hicho?"

Nikamwambia angoje. Nikaenda dirishani, nikapekua, nikachana kurasa nne zenye mambo ambayo watoto waliniambia mimi. Nikazikunja nikazitia kwenye mkoba. Vingine vyote nikampa.