Treni zipo, mwenyewe kasahau

Baridi ya Julai hapa Mbeya ina uzuri wake: hakuna atakayekushangaa ukijifungia ndani na kompyuta. Siku hizi nimekuwa nikikaa na mpwa wangu wa Iyunga, yuko chuo, tukihangaika na mpinzani wa kompyuta aliyemwandika mwenyewe kwa ajili ya OpenTTD. Kwa wasioijua, ni gemu ya bure ya kuendesha kampuni ya usafirishaji. Ludvig Strigeus aliianzisha mwaka 2004 kwa kufuata mchezo wa zamani wa Chris Sawyer. Unajenga reli na barabara, kompyuta nayo inajenga zake na kukunyang'anya abiria. Tangu mwaka 2009 mtu yeyote anaweza kumwandikia mpinzani huyo akili yake, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Squirrel.

Ramani yake ni ya kwetu kabisa. Alitafuta picha ya kijivu ya milima ya huku, ile ambayo penye weupe ndipo juu, akaipa gemu ikainua ardhi. Miji akaiita Mlimba, Makambako, Mbeya, Tunduma. TAZARA yenyewe, ile reli ya Tanzania na Zambia, lakini inaendeshwa na kijana mmoja na laptopu.

"Mjomba, huyu jamaa akianza ni hodari. Nikisevu nikalala, asubuhi nikimfungua anakuwa kichaa."

Akanionyesha. Gemu ikafunguka vizuri, treni zikaendelea na safari, stesheni zipo, pesa ipo. Halafu kampuni ikaanza kutandaza reli nyingine Mbeya hadi Tunduma, sambamba kabisa na ile iliyokuwepo, ikakopa mpaka ukomo wa mkopo. Nilicheka, ingawa yeye hakuona cha kuchekesha.

Kinachotokea ni hiki. Gemu inahifadhi dunia, haihifadhi mawazo. Mpinzani alikuwa amefika mstari gani wa programu yake, alikuwa amekusudia nini, vyote vinapotea. Ukifungua faili, anaanza upya kwenye Start, sehemu ya programu inayoanzisha kazi, kama aliyeingia ofisini siku ya kwanza na kukuta magari yana madereva tayari. Mlango rasmi ni Save: gemu ikitaka kuandika faili inamwuliza una nini cha kuweka, naye anakabidhi jedwali. Siku ya kufungua anarudishiwa kupitia Load, kabla ya Start, na akiwa ndani ya Load haruhusiwi kujenga chochote. Jedwali hilo linapokea namba kamili, maandishi, ndiyo na hapana, orodha, na majedwali mengine ndani yake. Namba za desimali hazipiti. Obijekti, yaani vifurushi vya data na kazi anavyojitungia mwandishi, hazipiti.

Mpwa wangu alikuwa amelijaza obijekti, moja kwa kila njia ya treni. Ikiingia hata moja ya aina isiyokubalika, gemu haichambui nzuri na mbaya, haihifadhi data yoyote. Na inasema wazi, kwa maandishi mekundu, kwenye dirisha la kufuatilia AI, yaani hiyo akili ya mpinzani. Ila nani hufungua dirisha hilo wakati treni zinakwenda?

Tukabadilisha kila njia iwe namba tupu: kigae (mraba mmoja wa ramani) cha stesheni ya huku, cha kule, aina ya mzigo. Maandishi mekundu yakaisha, kichaa kikabaki. Hapo ndipo nilipomkubali kijana, maana kosa lililobaki alilipata mwenyewe. Kila akirekebisha programu alikuwa anapandisha namba ya toleo, bila kuweka MinVersionToLoad inayotaja toleo la zamani kabisa ambalo data yake bado inasomeka. Kwa hiyo gemu ilikuwa inaleta toleo jipya kwa faili la zamani, lakini inalinyima data ikiamini haliwezi kuisoma. Mstari mmoja tu, na tulikuwa tumeuzunguka kutwa.

Baadaye tukabishana, na sehemu hii ndiyo niliyoipenda. Yeye anataka kuhifadhi kila kitu. Mimi naona orodha ya treni na stesheni haina haja ya kuwekwa, kwa sababu ramani ukiiuliza inakujibu: AIVehicleList na AIStationList zipo kwa kazi hiyo, na ramani haiwezi kutofautiana na yenyewe, ilhali daftari lako linaweza. Kuna waandishi wanaoficha kumbukumbu hata kwenye majina ya stesheni. Cha kuhifadhi ni kile ambacho ramani haikionyeshi, yaani nia. Reli iliyofika nusu ukiitazama haikuambii ilikuwa inakwenda wapi.

Na nusu-reli anazo. Kati ya Mlimba na Makambako mlima unapanda vibaya, kama wajenzi wa TAZARA halisi walivyokutana nao miaka ya sabini, na mpinzani wetu hukaa pale muda mrefu akipiga madaraja na mahandaki. Ukisevu wakati huo, ndipo hasara inapoanza. Tukakubaliana kuweka stesheni mbili za mradi unaoendelea na namba ya hatua uliyofikia, basi. Mengine aiulize ramani.

Jana tukamsevu makusudi katikati ya daraja, tukazima, tukafungua. Akaandika kwenye dirisha lake kuwa yuko hatua ya pili, akamalizia daraja.

"Ndaga, mjomba!" Asante hiyo, kwa Kinyakyusa.

Mbele ya handaki lililofuata akaishiwa pesa. Hilo ni suala la kutafuta njia ya bei nafuu, na mpwa amesema nisiliguse, la kwake.