Gari la tepu

Jumamosi usiku. Muuzaji kanipigia simu alasiri, na kabla hajamaliza "shikamoo mzee" nilishajua. Mwenye habari njema huisema hapo hapo. Huyu kauliza watoto, kauliza kazi, kauliza mgongo wangu unaendeleaje, kisha akavuta pumzi. Gari nililoagiza limeshushwa bandarini tangu wiki iliyopita. Lipo, amelithibitisha. Ila halitoki.

"Kwa nini halitoki?"

Kiwanda kimeagiza kwamba magari ya toleo hilo yasikabidhiwe kwa mteja yeyote mpaka yabadilishwe kifaa fulani kwenye mkanda wa kiti. Mkanda! Nimevumilia kiwanda, nimevumilia bahari, sasa nimekwamishwa na mkanda.

"Kazi yenyewe inachukua muda gani?"

"Kama dakika arobaini hivi, mzee."

"Si mbadilishe basi."

"Kifaa chenyewe ndiyo hakijafika."

Nikacheka. Sikukusudia, kicheko kilinitoka tu, na yeye akacheka kwa woga, kama mtu asiyejua kama amesamehewa au anatukanwa. Maskini, ana umri wa mdogo wangu wa mwisho, na kwa miezi kumi na moja kazi yake kubwa kwangu imekuwa kuniletea visingizio vya watu ambao hata yeye hajawahi kuwaona.

Tuseme ukweli kwanza, maana nikisoma haya baadaye nisijionee huruma kupita kiasi. Hili ni gari la michezo. Viti viwili, injini ya silinda sita, gia za mkono, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na buti lake linameza begi moja na nusu. Hakuna anayelihitaji. Kuna watu wanasubiri dawa, wengine wanasubiri majibu ya maabara, mimi nasubiri kitu cha kupigia kelele kwenye kona. Najua. Lakini kujua hakunizuii kuamka saa kumi alfajiri kutazama simu.

Nilipoweka amana niliambiwa miezi minne. Baadaye nikaja kuelewa kwamba magari ya namna hii hutengenezwa machache, na kila muuzaji hupewa mgao wake, kwa hiyo kuwa na risiti ya amana na kuwa na nafasi kwenye mstari wa kiwandani ni mambo mawili tofauti. Hilo hukuambiwa siku unapochagua rangi ya nyuzi za usukani. Siku hiyo unapewa kiti kizuri na unaitwa bosi.

Miezi yenyewe ningeiweza. Tarehe ndizo zimenimaliza. Ukiambiwa "hatujui" unaendelea na maisha yako, unalima, unapika, unagombana na ndugu zako. Ukiambiwa "tarehe 14" unaanza kuishi kuelekea tarehe 14. Unaomba ruhusa kazini. Unamwambia mtu mmoja, naye anawaambia kumi. Halafu tarehe 13 jioni inakuja simu inayoanza na afya ya watoto. Nimehesabu: nimepewa tarehe tofauti mara sita. Ahadi ni deni, lakini deni hili limekopwa na kiwanda, limedhaminiwa na muuzaji, na anayesumbuliwa na mawazo usiku ni mimi mdai.

Mara ya kwanza sababu ilikuwa kifaa kilichochelewa kutoka kwa mtengenezaji mwingine. Hapo sikunung'unika sana. Tulishafundishwa mwaka 2021 kwamba gari zima linaweza kukamilika likakosa chipu ndogo kuliko ukucha, nalo likaegeshwa uwanjani na wenzake kwa maelfu likiisubiri. Mwaka uliofuata vita vya Ukraine vikasimamisha mistari ya viwanda Ujerumani, kwa kuwa matita ya nyaya yanayopita ndani ya bodi, yale yanayofungwa kwa mikono ya watu, mengi yalikuwa yakitoka Ukraine. Gari lina maelfu ya vipande na linasubiri kile cha mwisho kufika. Linafanana na msafara wa harusi: wote wamevaa, wamepanda basi, shangazi mmoja anatafuta kiatu.

Halafu likapata namba ya chasi. Siku hiyo nilifurahi kijinga. Herufi na tarakimu 17, bila I, bila O, bila Q, maana hizo huchanganywa na 1 na 0. Nilizikariri kama mtoto anavyokariri jedwali la saba. Za mwanzo humtaja mtengenezaji, na kwa kampuni nyingi ile ya kumi hutaja mwaka wa modeli: S kwa 2025, T kwa 2026. Mimi niliagiza S. Ilipokuja, ya kumi ilikuwa T. Ndivyo nilivyojua, kabla ya mtu yeyote kuniambia, kwamba agizo langu lilikuwa limesukumwa likavuka mwaka. Muuzaji alipopiga kunieleza nilimwambia, "Najua, kijana wangu, nimeisoma kwenye chasi." Akanyamaza kidogo. Nadhani ndipo alipoanza kuniogopa.

Bahari sasa. Bahari ndiyo iliyoniharibu.

Nilipopata jina la meli nilipakua programu ya kufuatilia meli, nikawa kama mlinzi wa mnara. Hizi meli za magari hazina uzuri wowote, ni boksi la viatu lenye injini, lakini ndani yake kuna ghorofa juu ya ghorofa, na magari huingizwa kwa kuendeshwa, moja baada ya jingine, na madereva wa bandarini wanaoyapanga yakikaribia kugusana. Kisha kila moja hufungwa chini kwa mikanda. Meli moja kubwa hubeba maelfu. Langu lilikuwa mahali fulani humo gizani, limefunikwa plastiki nyeupe, tairi zimejazwa upepo zaidi ya kawaida zisije zikabonyea upande mmoja kwa kukaa, betri imetulizwa isiishe njiani. Nililiwaza limekaa hivyo, likiyumba kidogo.

Siku ya tatu alama ya meli ikapotea kwenye ramani. Nikapata kiwewe. Kumbe programu ya bure hupokea ishara kutoka vituo vya nchi kavu tu. Meli ikishafika katikati ya bahari, anayetaka kuiona lazima alipie huduma ya setilaiti. Sikulipia. Kuna mahali heshima ya mtu mzima inabidi isimame. Lakini wakati nikisubiri ijitokeze upande wa pili, nilifanya kosa la kuanza kusoma habari za meli za magari.

Usisome. Februari 2022 meli ya Felicity Ace ilishika moto karibu na visiwa vya Azori, Bahari ya Atlantiki, ikiwa na magari yapatayo 4,000, mengi ya Porsche, Audi, Bentley, Volkswagen. Mabaharia wote 22 waliokolewa, Mungu ashukuriwe, na tarehe 1 Machi meli ikazama ikivutwa. Lamborghini walilazimika kurudi kutengeneza modeli yao ya Aventador badala ya zile zilizokwenda chini, ingawa utengenezaji wake ulikuwa umefika ukingoni. Nilifikiria wale wateja. Unamwambiaje mtu kwamba gari lake lipo, limekamilika, rangi ileile aliyoichagua, ila liko kilomita kadhaa chini ya maji?

Ila iliyoninyima usingizi zaidi ni ya 2006, Cougar Ace, iliyolala ubavu Bahari ya Pasifiki kusini mwa Alaska ikiwa na Mazda zaidi ya 4,700. Haikuzama. Magari mengi yalining'inia kwenye mikanda yake kwa wiki kadhaa, na mengi ukiyatazama hayakuwa na hata mkwaruzo. Ikavutwa hadi bandarini. Na Mazda wakayaponda yote. Hawakuuza hata moja, maana nani angeapa kwamba injini iliyoinamishwa muda wote huo ni nzima? Nilisoma saa nane usiku, nikamwamsha mke wangu kumsimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageukia ukutani. "Baba, hata mimba ya tembo ni miezi ishirini na miwili. Lala."

Watu wengine wananiambia subira yavuta heri. Sikatai. Ningependa tu kujua inaivuta kwa meli gani, niifuatilie.

Meli yangu ilijitokeza siku ya kumi na mbili. Kidoti cha kijani pembeni mwa ramani. Nilikuwa kwenye kikao, nikasimama, nikaketi tena.

Na sasa mkanda.

Kitu kimoja cha simu ya leo kimebaki kichwani. Nilipomuuliza kifaa kitafika lini, nilisikia akifungua mdomo kunipa tarehe. Ilikuwa ya saba ile, nilijua kabisa. Halafu akaufunga. Akasema taratibu, "Mzee, kusema kweli sijui. Wakiniambia nitakwambia siku hiyohiyo." Nikamshukuru, na nilimaanisha. Tulivyoagana sauti yake ilikuwa imepungua uzito, na nadhani hata yangu. Tungeanza hivi tangu mwanzo, pengine tungekuwa marafiki.

Baada ya simu nilishuka gereji. Mwezi ule wa kwanza, nikiwa bado na imani, nilipima sakafu nikabandika tepu ya karatasi kufuata umbo la gari: urefu mita 4.4, upana 1.85, na mistari miwili pembeni kuonyesha milango itakapofika ikifunguliwa. Nilitaka kuhakikisha nitaweza kushuka bila kugonga rafu ya vyombo vya kazi. Naweza, nikivuta tumbo. Tangu siku hiyo hakuna anayeweka kitu ndani ya mstari. Baiskeli zinauzunguka. Ufagio unaegemezwa nje yake. Hakuna aliyetoa amri, nyumba nzima imejikuta inapisha gari lisilokuwepo.

Isipokuwa binti yangu mdogo. Nilimkuta ameketi sakafuni upande wa kulia, miguu ameinyosha mbele, mikono imeshika usukani wa hewa. Aliniambia nifunge mkanda. Nikamwambia mkanda wa gari hili una matatizo kiwandani. Akanitazama kama mtu asiyejua kuendesha anavyotazamwa, akasogeza mkono begani pangu, akauvuta mpaka kiunoni, akatamka "kchk" na kurudi kwenye usukani wake.

Basi nikakaa. Sakafu ni baridi, na gari ni dogo kuliko nilivyofikiri. Magoti yangu yaligusa mstari wa mbele. Tulikwenda mwendo mzuri tu, yeye akibadilisha gia kwa sauti za mdomo, akikosea klachi kila mara ya pili.

Tepu imezeeka. Pembe ya nyuma imebanduka kabisa na upande wa mlango umechanika pale baiskeli inapokata kona. Alipoitwa kwenda kulala nilitafuta roli jipya kwenye droo, nikapiga magoti, nikaanza kubandua ile ya zamani kuanzia buti. Inaacha gundi. Nimemaliza upande mmoja, mwingine nitaumalizia kesho.