Siku Moja Maishani Mwangu: Seva Moja, Vikoa Vingi

Saa 2 asubuhi. Kazi yangu huanza kwa kusoma kumbukumbu za usiku (rekodi ambazo seva hujiandikia) kabla sijagusa chochote. Seva ninayoitunza ina anwani moja ya IP (namba inayoitambulisha kwenye mtandao), na juu ya anwani hiyo zimepangishwa tovuti za wateja wengi, kila mmoja akiwa na kikoa chake (jina la tovuti, kama example.com) na vikoa tanzu kadhaa (majina yaliyo chini yake, kama mafunzo.example.com). Kila tovuti ina faili lake la kumbukumbu. Wapo wanaouona utaratibu huu kuwa usumbufu, lakini hitilafu inapozuka, aliyechanganya mistari ya tovuti zote katika faili moja hupoteza saa nzima akitafuta tu pa kuanzia.

Saa 3. Anahamia mteja ambaye kikoa chake kilikuwa kwa mtoa huduma mwingine. Tangu juzi nilimwomba apunguze TTL (muda ambao jibu huhifadhiwa kabla ya kuulizwa upya) ya rekodi zake za DNS (mfumo unaogeuza majina kuwa anwani za IP) kutoka sekunde 86,400 hadi 300, kwa kuwa bila hivyo baadhi ya wageni wangeendelea kupelekwa kwenye seva ya zamani kwa muda unaoweza kufikia siku nzima. Kikoa kikuu nakiwekea rekodi ya A, inayotaja anwani ya IP, na vikoa tanzu navielekeza kwake kwa CNAME, rekodi inayolifanya jina moja lifuate jingine.

Saa 4 na nusu. Hapa ndipo penye kiini cha kazi yenyewe. Anwani ikiwa ni moja, seva itajuaje ni tovuti ipi inayotakiwa? Itajua kwa sababu kivinjari huitaja kwa jina, katika kichwa cha ombi kiitwacho Host, ambacho kilifanywa kuwa cha lazima na HTTP/1.1 mwaka 1997. Anwani zote za IPv4 (toleo la zamani la anwani za IP) ni takribani bilioni 4.3 tu, hivyo intaneti isingeweza kuipa kila tovuti anwani yake. Katika Nginx, programu ya seva ninayoitumia, jina lililoandikwa kamili hutangulia lile lenye kinyota (*). Ombi likija na jina lisilojulikana, Nginx hulipeleka kwenye tovuti ya kwanza iliyosajiliwa kwenye poti (mlango wa mtandao) lililoingilia, isipokuwa kama umeiteua nyingine kwa default_server. Mimi sikubali hata kidogo tovuti ya mteja ipokee maombi yasiyo yake. Kwa hiyo nimeandika sehemu maalumu ya kuyapokea, inayorudisha 444, yaani Nginx inafunga muunganisho bila kujibu. Nikimaliza, naendesha nginx -t, nasubiri ithibitishe kwamba mipangilio iko sawa, ndipo naipakia upya bila kuizima seva.

Saa 6 mchana. Vyeti vya usalama, vinavyothibitisha kwamba tovuti ni ile yenyewe. Cheti lazima kichaguliwe kabla Host haijasomwa, kwa hiyo kivinjari hutaja jina mapema kupitia SNI, nyongeza ya TLS (itifaki inayosimba mawasiliano) iliyoandikwa katika RFC 3546, hati ya viwango vya intaneti ya mwaka 2003. Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya bure, ilianza kutoa vyeti vyenye kinyota mwaka 2018, na huvitoa kwa uthibitisho wa DNS pekee. Kinyota hufunika ngazi moja tu: cheti cha *.example.com kinaitosha mafunzo.example.com, lakini hakiifikii video.mafunzo.example.com, wala example.com yenyewe. Siweki wateja wawili katika cheti kimoja, maana yeyote anayekifungua huyasoma majina yote yaliyomo, na mteja hana sababu ya kutangazwa pamoja na jirani asiyemjua.

Saa 8. Nahakikisha kila tovuti inaendeshwa na mtumiaji wake wa mfumo, ili programu-jalizi mbovu ya mmoja isisome nywila ya hifadhidata ya mwingine.

Saa 9 na nusu. Fundi mwenzangu anapiga simu kuhusu seva anayoisimamia yeye: baadhi ya wageni wa kikoa tanzu kimoja wanapata onyo la cheti, na wengine hawaoni tatizo lolote. Namwambia, "Ndugu yangu, jaribu curl -4, kisha curl -6," yaani amri ya kuiomba tovuti kwa IPv4, kisha kwa IPv6, toleo jipya la anwani. Jaribio la kwanza linafaulu, la pili linaleta cheti cha tovuti nyingine kabisa. Kikoa tanzu kina rekodi ya AAAA, inayotaja anwani ya IPv6, lakini mipangilio yake inasikiliza IPv4 peke yake, kwa hiyo wageni wa IPv6 wanaangukia kwa jirani. Anaongeza mstari mmoja, listen [::]:443 ssl, unaoifanya isikilize IPv6 pia, na onyo linatoweka.

Saa 11 jioni. Mteja mmoja anafunga duka lake la mtandaoni lililokuwa kwenye huduma ya nje, likielekezwa huko kwa CNAME ya kikoa tanzu. Nafuta rekodi ya DNS kwanza, ndipo namruhusu aifunge akaunti, kwa sababu rekodi iliyobaki ikielekeza kwenye akaunti iliyoachwa wazi humpa mtu baki nafasi ya kuidai na kuchapisha atakacho kwa jina la mteja huyo.