Nilivyoandika mwongozo wa sola tangu mwanzo hadi kuchapwa

Kazi yangu ni kuandika miongozo ya bidhaa. Ulionifunza zaidi ni wa seti ya umeme wa jua iliyokuwa ikiuzwa vijijini Dodoma: paneli, betri, kontrola (kifaa kinachosimamia umeme kati ya paneli, betri na taa) na taa za ndani.

Kabla ya kuandika chochote, nilimfuata fundi akifunga seti hizo. Kila hatua nilimwuliza, "Nikiiruka hii, kitaharibika nini?" Hapo ndipo nilipopata jambo ambalo karatasi ya kiwandani ililiacha kwenye kona ya mchoro: betri huunganishwa na kontrola kwanza, ndipo ifuate paneli, taa mwisho. Kontrola husoma volti za betri ijue kama mfumo ni wa 12 au 24. Ukitanguliza paneli unaweza kuiunguza kontrola. Kufungua ni kinyume chake. Hatua hiyo nikaipa ukurasa wake peke yake.

Karatasi hiyohiyo ilisema paneli itazame kusini. Iliandikiwa watu walio kaskazini ya ikweta! Dodoma tunaielekeza kaskazini na kuiinamisha nyuzi 10 hadi 15, mvua ipate kuosha vumbi. Ndiyo maana sipokei kazi ya kutafsiri mwongozo wa nje bila kumwona fundi wa hapa.

Rasimu yenyewe haikunichukua muda. Kila sentensi kitendo kimoja, onyo kabla ya hatua na si baada yake. Mhandisi akahakiki namba zote, kuanzia volti hadi fyuzi.

Kisha nikampa mama mmoja rasimu na seti, nikakaa pembeni kimya. Matundu ya waya yako chini ya kontrola, kwa hiyo aliigeuza juu chini ili aone anapochomeka. Papo hapo kushoto kukawa kulia. Akasita, waya wa betri mkononi.

"Mwanangu, mchoro wako na hiki kitu havifanani."

Alikuwa sahihi kabisa. Mchoro ukachorwa upya, matundu yakitazama juu kama mtu anavyoyaona akiwa kazini, ukarudi kwa mhandisi, halafu kwa mama mwingine. Huyo alimaliza bila kuuliza.

Tulichapa kijitabu kidogo, namba ya toleo ikiwa jaladani. Sasa wanaopokea simu za wateja huniandikia maswali yanayojirudia. Toleo la pili limeongeza ukurasa wa maana ya taa nyekundu ya kontrola, maana ndiyo iliyokuwa ikiulizwa kuliko yote.